Tukiiona dunia kwa mbali, ugomvi wetu wa huku chini utapungua au ni hisia za dakika tatu tu?

JarubaLaMwisho ameandika:

Wakuu habari za saa hizi. Uzi utakuwa mrefu kidogo naomba mnivumilie, hii kitu imenikaa kichwani miaka mingi na leo nimeamua kuitoa.

Mimi ni mkulima wa mpunga, niko Usangu huku Mbarali, Mbeya. Kama mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, ile ya kipete, na Rujewa ilikuwa moja ya sehemu nzuri kabisa za kuangalia. Watu walikuja kutoka kila kona, wanafunzi kwa mabasi, wageni na makamera yao, waandishi wa habari, yaani mji ulijaa. Mi nikaacha jembe nyumbani nikaenda na mdogo wangu.

Sasa miwani ya kuangalia jua haikutosha. Kwa hiyo watu wakawa wanapokezana, unaangalia kidogo unampa wa pembeni. Aliyenipa mimi alikuwa mzee mmoja mfugaji, Msukuma, namjua na yeye ananijua vizuri sana, maana mwezi wa tano mwaka ule ule ng'ombe wake waliingia kwenye majaruba yetu mpunga umebakiza wiki mbili kuvunwa, tukapelekana kwa mtendaji, yakatamkwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na tangu siku hiyo hatukuwa tumesalimiana. Yule mzee akanishika bega akasema "angalia sasa hivi, sasa hivi, limebaki duara". Nikavaa. Nikaona pete nyembamba kama waya uliotoka motoni, katikati nyeusi tii. Kabaridi kakapita. Mwanga ukawa kama wa jioni lakini vivuli vifupi kama vya mchana, na chini ya mwembe vile vidoa vya jua vinavyopenya kwenye majani vyote vilikuwa vimegeuka vipete vidogo vidogo, mamia, vinatembea kwenye mchanga na kwenye migongo ya watu. Msangu, Msukuma, Mmang'ati, Mbaluchi, wote shingo juu, kimya. Hakuna aliyekuwa mwenye ng'ombe wala mwenye shamba.

Baadaye nikaja kusoma habari za Voyager 1, chombo cha anga kisicho na watu cha NASA, shirika la anga la Marekani, kwamba tarehe 14 Februari 1990 kikiwa kama kilometa bilioni 6 kutoka hapa, kwa ushawishi wa mwanasayansi Carl Sagan, NASA walikigeuza kikapiga picha nyuma kilikotoka na dunia yote ikatokea nukta, haijazi hata kidoa kimoja cha picha. Wafalme wote, mashamba yote, kesi zote za mipaka, humo. Nikakumbuka Rujewa.

Lakini msimu uliofuata watu wakapigana tena huku kwetu, mikuki na mapanga, wengine ni wale wale waliopokezana miwani. Ndo maana nauliza, je watu wengi wakiuona ukubwa wa ulimwengu na udogo wetu inaweza kweli kubadilisha vita na hii tofauti ya aliyenacho na asiyenacho? Au ni hisia tu, pete ikiondoka na utu unaondoka nayo? Naomba majibu ya kutoka moyoni.

Kinyonga_wa_Songea ameandika:

Mkuu umeandika vizuri mpaka nimerudia mara mbili ile ya vipete kwenye migongo. Ila mi nitakuwa mkweli, jibu langu ni hapana na nina sababu.

Ile picha maarufu kuliko zote ya dunia nzima, duara la bluu na mawingu, ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Apollo 17 wakielekea mwezini. Kaiangalie vizuri. Haionyeshi Marekani, inaonyesha SISI. Afrika karibu yote, pwani yetu, Madagaska, Bara Arabu kule juu. Sasa jiulize ndani ya picha ile siku zile kulikuwa na nini. Burundi mwaka huo huo kuanzia Aprili watu wameuawa kwa maelfu kwa maelfu na wengine wamekimbilia kwetu Kigoma. Uganda, Amin ametoa amri Agosti, Waasia wapewe siku 90 waondoke, na siku zenyewe zimeisha Novemba. Na tarehe 16 Desemba, wale wanaanga wakiwa bado huko juu wanauzunguka mwezi, wanajeshi wa Kireno wakaingia Wiriyamu, jimbo la Tete, Msumbiji, wakaua mamia ya wanakijiji, wanawake na watoto. Wanaanga wakatua baharini tarehe 19. Mi kwetu ni Songea, Msumbiji ni jirani yangu, nimekua nasikia habari za wakimbizi waliovuka Ruvuma. Kwa hiyo kila nikiiona ile picha imebandikwa ukutani na watu wanasema tazama jinsi dunia ilivyo moja na yenye amani, roho inaniuma, maana kutoka huko juu hata moshi wa kijiji kinachoungua hauonekani.

Utasema hao wauaji hawakuiona picha. Sawa, tuwachukue walioiona dunia kwa macho yao. Julai 2022 Warusi watatu wakiwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga, kilometa kama 400 juu ya vichwa vyetu, walipiga picha wameshika bendera za Luhansk na Donetsk kushangilia ardhi iliyotekwa Ukraine. Huko huko juu! Wanaizunguka dunia kila dakika 90, wanaona jua likichomoza mara 16 kwa siku, na bado mkononi wameshika bendera ya vita. Muhammed Faris wa Syria alipaa mwaka 1987 akakaa kwenye Mir, kituo cha anga cha Wasovieti, akarudi shujaa wa taifa, na mwaka 2012 ikabidi akimbilie Uturuki mkimbizi kama wakimbizi wengine kwa sababu alikataa kuwa upande wa serikali inayoua raia. Yeye moyo wake ulikuwa mzuri, sikatai. Ulizuia nini?

Binadamu hapigani kwa sababu hajui kuwa ni mdogo. Anapigana kwa sababu kuna kitu anakitaka na mwenzake amekikalia.

Mwl_Fizikia_Moro ameandika:

Kinyonga heshima yako, lakini naomba nikupinge kwa adabu. Nafundisha fizikia sekondari mwaka wa 17 sasa na nimeona mtoto anavyobadilika siku akielewa kwamba madini ya chuma yaliyo kwenye damu yake yalipikwa ndani ya nyota. Sio hadithi hiyo, na haijalishi ni mtoto wa mkurugenzi au wa mama ntilie, chuma ni kile kile.

Ukipima kwa swali la "je vita viliisha siku ile" basi hakuna kitu duniani kitakachofaulu mtihani wako, hata dini hazikufaulu. Mi napima kidogo kidogo. Desemba 1968 wanaanga wa Apollo 8 walipiga picha ya dunia ikichomoza nyuma ya mwezi, na Aprili 1970 Wamarekani kama milioni 20 wakatoka mitaani kutetea mazingira. Sisemi ni picha peke yake, kulikuwa na mito inayonuka na moshi mijini kwao, ila picha iliwapa watu kitu cha kukiita nyumbani kikubwa kuliko mtaa wao. Julai 1975 Mmarekani na Mrusi wakashikana mikono angani huku makombora ya nyuklia ya nchi zao yameelekezana. Na tangu Novemba 2000 hakuna siku hata moja ambayo kile kituo kimekaa bila watu, hata baada ya vita vya Ukraine kuanza bado Mrusi na Mmarekani wanategemeana kwa hewa ya kuvuta. Unakumbuka bendera, mi nakumbuka na hewa.

Tena kuna mwanaanga anaitwa Krikalev. Alipaa Mei 1991 kutoka Muungano wa Kisovieti, akarudi Machi 1992 akakuta nchi iliyomtuma haipo tena kwenye ramani. Wanafunzi wangu wakisikia hiyo wananyamaza kabisa. Ina maana hii mipaka tunayouana kwa ajili yake inaweza kufutika mtu mmoja akiwa safarini.

Kuhusu umaskini pia msidhani swali hili ni jipya. Siku moja kabla ya Apollo 11 kurushwa, Julai 1969, mchungaji Ralph Abernathy aliyekuwa rafiki wa Martin Luther King alikwenda mpaka pale kituoni Florida na familia maskini na mikokoteni ya nyumbu. Akamwambia mkuu wa NASA kwamba taifa linapeleka watu mwezini huku wengine hawana chakula wala makazi. Yule mkuu, Thomas Paine, akamjibu kwamba kama kutokubonyeza kitufe kesho kungemaliza umaskini basi wasingekibonyeza. Akazipa familia zile nafasi ya kushuhudia roketi ikipaa, na Abernathy akawaombea wanaanga. Mi hapo huwa nakaa muda mrefu na wanafunzi, kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Mwana_wa_Ungwana ameandika:

Salaam nyote. Mimi nyumbani ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Kenya. Mwasema habari za anga kama kitu cha mbali, sisi kwetu chaonekana ufuoni. Ukisimama pale jioni waiona mitambo ya San Marco baharini, nguzo za chuma zimeliwa na kutu, ndege wameketi juu. Hapo ndipo Waitaliano na Wamarekani walipokuwa wakirusha roketi kuanzia 1967 hadi 1988, kwa sababu tuko karibu na ikweta na dunia yenyewe kule kuzunguka kwake husaidia kuisukuma roketi.

Tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza eksirei zitokazo mbinguni. Na kwa vile ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Neno letu. Ikachora ramani ya vyanzo 339 vya eksirei mbinguni, na ndiyo iliyowasaidia wataalamu kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa ni shimo jeusi, mahali ambapo hata mwanga hauwezi kutoka, na Riccardo Giacconi aliyekuwa kiongozi wa kazi ile akapata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Babu yangu alikuwa mvuvi, alikuwa akitusimulia roketi zile zikipaa, asema mlio huusikii masikioni, wausikia hapa kifuani. Usiku ule ule nyanya akawasha koroboi apate kupika.

Silaumu mtu, naeleza tu nilichokiona. Mimi nimesoma kwa koroboi hiyo hiyo, maji ya kunywa twanunua kwa dumu, na shimo jeusi la kwanza lilitambuliwa kwa msaada wa chombo kilichopita juu ya paa letu la makuti. Mwalimu, hiyo chuma ya nyota iliyo katika damu ya mtoto ni kweli, lakini mtoto mwingine ana darubini na mwingine ana dumu.

Na kuna jambo ambalo wengi hamulijui. Mwaka 1976 mwezi wa Desemba nchi nane za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire ya wakati huo, zilikutana Bogotá, Colombia, zikatoa tamko. Juu ya ikweta, kama kilometa 36,000, kuna njia moja ambayo setilaiti ikiwekwa hapo hukaa pale pale juu yako kama taa ya darini, haiondoki. Ndiyo njia ya simu na televisheni, na nafasi zake zina hesabu. Zile nchi zikasema pete hii iko juu yetu, ni rasilimali yetu, msichukue bila kutuuliza. Wakubwa wakajibu kwa mkataba wa anga wa 1967, kwamba anga si ya taifa lolote, ni ya wanadamu wote. Maneno mazuri mno. Lakini ya wanadamu wote maana yake ikawa ni ya mwenye roketi, maana yeye ndiye aliyefika mwanzo akachukua nafasi.

Kwa hiyo mimi mtu akiniambia sote ni wamoja tukitazamwa kutoka juu, namuuliza kwanza, ngazi iko kwa nani.

UmmuSwaleh_Tanga ameandika:

Assalam alaykum. Mimi sio mtu wa sayansi ila naomba niseme la nyumbani.

Sisi Waislamu kitu chetu cha angani ni mwezi, na kila mwaka tunaugombania. Mume wangu anafuata mwezi ukionekana popote duniani, baba yangu mzazi Mungu amrehemu alikuwa anafuata uonekane hapa hapa kwetu. Kwa hiyo Idi inakuwa siku mbili ndani ya nyumba moja. Na msione ni jambo dogo, kufunga siku ya Idi ni haramu na kula siku ya Ramadhani ni dhambi kubwa, kwa hiyo kila mmoja anamwona mwenzake yuko kwenye kosa zito, na wote wanautazama mwezi mmoja, mwembamba kama ukucha, juu ya bahari ile ile. Kuna misikiti imegawanyika, kuna ndugu hawazikani. Kwa hiyo kutazama juu peke yake hakuunganishi, kaka mwenye uzi, sisi tunatazama juu tangu mababu.

Kwetu aliyetuokoa ni mama. Alisema nyumba yangu pilau itapikwa siku zote mbili. Siku ya kwanza wanaosali Idi watakula, lakini jikoni na mlango umerudishwa kwa ajili ya babu aliyefunga, na sufuria isigongwe. Siku ya pili babu akishasali wote tunakaa mkekani pamoja naye, hata kama jana ulishiba. Nakumbuka watoto wangu wadogo wamejipanga jikoni wanakula kimya kimya, wananong'ona, mmoja akampelekea babu yake maua ya asumini badala ya chakula. Baba alicheka sana siku ile.

Hakuna aliyebadili msimamo wake wa mwezi hadi leo.

PimaKwanza ameandika:

Naomba niingilie maana hii mada imenigusa kikazi. Nimefanya kazi ya ramani na picha za setilaiti miaka tisa, na JarubaLaMwisho nisamehe kwa nitakachosema kwa sababu kinawahusu nyinyi wa mpunga.

Wote hapa mnaongea kama vile kuona kutoka juu ni kuona ukweli. Mi nimekaa na hiyo picha kila siku. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, zile za Marekani za kupiga picha ardhi, ilirushwa Julai 1972, na tangu 2008 picha zake ni bure kwa mtu yeyote, ni jambo zuri kabisa. Usangu nimeiangalia sana. Unakiona kinamasi cha Ihefu kikisinyaa, unauona Ruaha Mkuu. Ule mto kuanzia miaka ya 1990 ukawa unakauka kabisa miezi ya kiangazi, kule hifadhini viboko wanabanana kwenye madimbwi. Na chini yake kuna mabwawa ya Mtera na Kidatu, yaliyokuwa umeme wa nchi wakati ule. Mwaka 2006 nchi ikawa na mgao mkali wa umeme, na jibu likatoka, wa kulaumiwa ni mfugaji. Wakaondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakasukumwa mpaka Lindi na Pwani huko, ng'ombe wakafa njiani, na walikofika wakaanza ugomvi mpya na wakulima wa huko. Mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa ndani ya hifadhi ya Ruaha, na mgogoro wa mpaka ule na vijiji wewe unaujua kuliko mimi.

Lakini wataalamu waliopima maji kwenye mito yenyewe, kwa miguu, walionyesha kwamba kiangazi sehemu kubwa ya maji inachukuliwa juu kabla haijafika Ihefu, kwenye mabanio, ile milango ya kuchepushia maji ya mto, ya skimu za mpunga. Picha ya juu inaonyesha kijani inaondoka, haisemi nani amekunywa. Huyo aliyeishika ndo anayesema. Na ng'ombe akiwa kwenye picha haonekani, lakini ni rahisi kumhamisha kuliko mfereji wa zege.

Nitawaambia kisa kimoja. Ofisi niliyokuwa nafanya kazi wakati huo nilipewa kazi ya kuchora mpaka. Nikachora mstari kwenye kompyuta, kwenye skrini kulikuwa na kichaka na doa la kahawia, nikapita katikati, dakika mbili kazi imeisha. Miezi kadhaa baadaye nikaenda kuona bikoni, zile nguzo za mpaka, zilivyowekwa. Ile bikoni ilikuwa imesimama katikati ya nyumba ya mama mmoja na jiko lake. Lile doa la kahawia lilikuwa uwanja wake, amefagia mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Alikuwa ametandika kanga mbichi juu ya bikoni ikauke. Akatukaribisha uji. Sikuweza kumwambia kwamba huo mstari ni mkono wangu.

Kwa hiyo msemo wa "ukiwa juu huoni mipaka" mi unanitisha kidogo. Ni kweli huioni. Lakini huoni na nyumba ya mtu. Waliokaa Berlin mwaka 1884 na 1885 kutugawana nao walikuwa wanatuona kutoka mbali sana, karatasi safi, mito na nafasi tupu. Umbali unaweza kukulainisha ukiwa umesimama ardhini na wenzako shingo juu, kama mlivyokuwa Rujewa, ila umbali huo huo ukiwa na kalamu mkononi unakuwa kitu kingine kabisa.

Kinyonga_wa_Songea ameandika:

PimaKwanza hapo umenigeuza kidogo. Nilikuwa nafikiri tatizo ni kwamba kuona kwa mbali hakuna nguvu. Kumbe kuna nguvu nyingi, ila zinakwenda kwa mshika kalamu. Ummu nako kule jikoni nimekaa muda mrefu.

JarubaLaMwisho ameandika:

Nimesoma yote, mengine nimemsomea mke wangu kwa sauti. PimaKwanza hujanikosea. Ni kweli tunachukua maji mengi, mimi mwenyewe jaruba langu liko mwisho wa mfereji ndo maana naitwa hivyo, na miaka ya kiangazi kibaya nimewahi kuamka saa nane usiku kufungua maji ya mwenzangu aliyelala kwenye zamu yake. Nimewahi. Nayaandika hapa kwa sababu kule kijijini siwezi.

Naomba nimalizie kisa cha yule mzee maana sikukimaliza. Baada ya kupatwa kwa jua tulianza kusalimiana, basi, salamu tu, shikamoo marahaba, hakuna zaidi. Kiangazi cha mwaka uliofuata vijana wake wakaja kwenye kikao cha wamwagiliaji wakasema lambo lao chini limekauka na wakikosa maji ng'ombe watapita tu kwenye mashamba, hawana njia nyingine. Kikao kikachafuka. Watu wakasimama. Mi nikasema nataka kumsikia mzee, na nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa naweza kumwita jina, mwaka wa nyuma yake nisingeweza. Mzee akaomba usiku wa Jumatano na Jumamosi maji yapite mpaka lambo. Tukabishana mpaka magharibi. Mwisho tukaenda wote kwenye mfereji tukachonga kijiti cha mti, tukakisimamisha pale kwenye mlango wa maji, alama mbili kwa kisu, ya juu yetu, ya chini ikifikiwa hakuna anayefungua shamba, maji yapite. Kijiti kile kimebadilishwa mara tatu maana kinaoza na mara moja kuna mtu alikihamisha alama usiku. Yule mzee alifariki 2021, sasa nabishana na mwanae, lakini tunabishania kijiti.

Wakati wa zamu ya usiku nalala chali pale kwenye tuta, tochi kifuani, nasikiliza maji. Huku kwetu hakuna taa nyingi kwa hiyo nyota zote zinakuja, Kilimia, lile kundi la nyota ndogo ndogo za msimu wa kulima, unaihesabu. Kuna usiku mwanae yule mzee anakuja kuhakikisha maji yanapita, anakaa pembeni, tunaongea habari za nyota kidogo halafu tunaamka na tochi kwenda kuangalia kijiti.

Nipo_Jeddah ameandika:

Samahani nimechelewa, huwa napata simu usiku tu wakishalala. Mimi kwetu ni Singida, niko Jeddah kazi za ndani mwaka wa nne.

Nimesoma ya Kilimia nikatamani kulia. Huku mimi sehemu yangu ya kuangalia juu ni darini nikipanda kuanika nguo. Mama yangu alinifundisha Kilimia nikiwa mdogo, ile ya kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na nikiiona huku najisemea na mama anaiona, anajua sasa ni wakati wa kuandaa shamba. Taa za mji zinaimeza ila alfajiri zinaonekana tatu nne.

Kaka mwenye uzi, tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena, safari hii lote, linapita huku Jeddah na Makka, giza la mchana zaidi ya dakika tano. Hapa nyumbani wameshaanza kuongea. Juzi wakati natoa vyombo mezani binti mkubwa alikuwa anamwambia baba yake waagize miwani mapema kabla haijaisha, akahesabu kwa vidole, baba, mama, yeye, wadogo zake watatu, bibi. Mkono mmoja ukajaa akahamia wa pili, vidole viwili. Nikasimama na sinia pale mlangoni kidogo. Sijamuuliza.